Oili haijui kusoma kilomita

Juma hili naomba tuzungumze habari ya vitu vya majimaji vilivyomo ndani ya gari: oili ya injini, oili ya breki, maji ya rejeta na oili ya giaboksi. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi, na kwamba sisi wengine kazi yetu ni kupanda daladala na kushuka. Hapo hasa ndipo ninapotaka tuanzie. Anayepanda daladala ana haki kubwa ya kuyajua mambo haya, maana roho iliyobebwa ni yake.

Ukipita Gerezani, pale Kariakoo, au ukienda mtaa wa Shaurimoyo kutafuta spea, utasikia swali moja likiulizwa kila siku: gari hili limwagwe oili baada ya kilomita ngapi? Mmoja atasema elfu tatu. Wa pili atasema elfu tano. Wa tatu, ambaye ana gari lililoteremshwa bandarini juzi kutoka Japani, atasema kitabu kimeandika elfu kumi. Kila mmoja ataapa kwamba ndiye mkweli, na ubishi utaendelea mpaka chai ipoe.

Mimi nasema wote watatu wanaweza kuwa na haki na wote watatu wanaweza kuwa wamekosea, kwa sababu swali lenyewe halikukamilika. Kilomita hupima barabara iliyopitwa. Oili haiioni barabara. Oili inaona joto, inaona muda, inaona vumbi, inaona maji na masizi yanayoingia ndani yake. Gari linaweza kwenda kilomita chache sana na oili yake ikawa imekwisha kazi zamani. Kwa hiyo swali lililo sawa ni hili: gari hili limefanya kazi gani, na kwa saa ngapi?

Wanaolijua jambo hili vizuri kuliko wote ni watu wa mashindano ya magari. Mtu anayekimbiza gari katika uwanja wa mashindano hasubiri kilomita elfu tano. Siku mbili za mashindano hazifikishi hata kilomita mia tano, lakini wengi wao humwaga oili ya injini baada ya mashindano mamoja au mawili, na kabla ya mashindano hutoa upepo kwenye breki na kuingiza oili mpya. Si kwamba wana fedha za kuchezea. Wanajua kuwa saa moja ya joto kali huichosha oili kuliko siku nyingi za mwendo wa kawaida.

Na sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Dar es Salaam yetu hii ilipata kumtoa bingwa: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa, pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell, walishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, kwa gari aina ya Peugeot 404. Gari hilo halikuwa kitu cha ajabu. Ni Peugeot ileile ambayo wazee wetu waliijua kama teksi na gari la afisa wa serikali. Mwaka uliofuata, 1968, mvua ilikuwa nyingi na tope likazidi. Magari 93 yaliondoka na magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho.

Hebu tulitafakari hilo. Maelfu ya kilomita ambayo gari la mtu wa kawaida huyamaliza kwa miezi kadhaa bila kulalamika, katika Safari yalimalizwa kwa siku chache, na magari 86 yakabaki njiani. Kilomita ni kilomita. Kilichobadilika ni kazi.

Sasa nauliza: gari la Kariakoo linafanya kazi gani? Jina lenyewe la Kariakoo, kama wengi wenu mjuavyo, limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni mahali palipopewa jina la wabeba mizigo, na mpaka leo kubeba mizigo ndiyo kazi yake. Tofauti ni kwamba mpagazi wa sasa ana magurudumu.

Tazama daladala moja tu, Coaster au Hiace, jinsi linavyoishi. Linaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Kituoni linasimama likisubiri abiria huku injini inanguruma, maana dereva anaogopa kwamba akizima, abiria watadhani gari haliondoki. Likiondoka, linaingia foleni. Linasogea hatua tano, linafunga breki. Linasogea hatua kumi, linafunga breki. Limejaza watu mpaka mlangoni. Jua la Februari liko utosini, feni inazunguka lakini upepo wa mwendo haupo, kwa sababu mwendo wenyewe haupo. Vumbi la mtaani linaingia puani mwa injini. Hivyo hivyo mpaka saa nne za usiku. Halafu kesho yake tena.

Je, hiyo si Safari Rally? Mimi naona ni zaidi, kwa sababu Safari huisha.

Tufanye hesabu ndogo; hata asiyependa hesabu anaweza kunifuata. Chukua gari linalotoka Dar es Salaam kwenda mikoani, na tuseme kwa wastani linakwenda kilomita 50 kwa saa. Ili litimize kilomita 5,000, injini itakuwa imenguruma saa 100. Sasa chukua teksi ya katikati ya mji, ambayo pamoja na foleni na kusubiri abiria wastani wake ni kilomita 12 kwa saa. Ili nayo itimize kilomita 5,000 hizo hizo, injini itakuwa imenguruma saa zaidi ya 400. Kwenye dashibodi magari haya mawili yako sawa. Ndani ya injini, la pili limezeeka mara nne.

Wenye majenereta wamekwisha kulielewa jambo hili. Wafanyabiashara wa Kariakoo ambao miaka ya mgao wa umeme waliweka vijenereta mbele ya maduka yao wanakumbuka kwamba jenereta halina kilomita. Halitembei. Ukisoma kitabu chake utakuta imeandikwa saa: jenereta dogo la petroli, aghalabu badili oili kila baada ya saa 100, mashine kubwa ya dizeli, kila baada ya saa 250. Basi gari lililosimama kwenye foleni ya mtaa wa Msimbazi likinguruma ni kitu gani, kama si jenereta lenye abiria ndani?

Kuna jambo jingine kuhusu yale magari yetu ya kutoka Japani. Kitabu chake kimeandikwa Kijapani, na mara nyingi hakifiki hapa kabisa. Kinachofika ni uvumi wa ile kilomita elfu kumi. Lakini watengenezaji wa magari, wa Japani na wa kwingineko, huandika ratiba mbili. Ratiba ya kwanza ni ya gari linaloishi maisha ya starehe. Ya pili ni ya gari linalofanya kazi ngumu, nao huitaja kazi hiyo: barabara za vumbi, safari fupi fupi, kusimama muda mrefu injini ikiwa inawaka, mzigo mzito, joto kali. Katika ratiba hiyo ya pili, muda wa kubadili oili aghalabu hukatwa nusu. Ndugu yangu, isome tena orodha hiyo. Wameuandika mji wetu bila kuutaja jina.

Sasa tuitazame oili yenyewe, tujue inachoka namna gani. Watu wengi hufikiri kazi yake ni kulainisha tu. La hasha. Oili hubeba joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki. Huosha masizi. Huzuia kutu. Huziba nafasi iliyopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Ili ifanye kazi zote hizo, kiwandani huchanganywa na dawa mbalimbali, na dawa hizo hutumika, kama sabuni inavyotumika kwenye beseni la nguo. Maji ya sabuni yakishafika mwisho, hata ukiongeza nguo zilizo safi hazitoki safi.

Joto ndilo adui wa kwanza. Wakemia wana kanuni ya makadirio, kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya oili kuungua na kuchakaa huongezeka maradufu. Kwa hiyo oili iliyozoea nyuzi 100 ikipelekwa 120, uchakavu wake huwa mara nne. Adui wa pili ni maji. Lita moja ya petroli inapoungua hutoa karibu lita nzima ya maji kwa njia ya mvuke. Sehemu kubwa hutoka kwa bomba la moshi, lakini kiasi kidogo hupenya kwenye pistoni na kuingia katika oili. Injini ikipata moto sawasawa, mvuke huo hufukuzwa. Injini inayowashwa kwa dakika tano na kuzimwa, kutoka duka hili kwenda ghala lile, haiufukuzi.

Na hapa niwaguse mafundi wetu, kwa heshima zote. Kuna desturi ya kuing'oa themostati gari linapochemka na kuitupa, eti Dar es Salaam ni joto, haina kazi. Themostati ni mlango unaoizuia injini isipoe kupita kiasi na pia unaoongoza maji njia iliyo sawa. Ukiing'oa, asubuhi na usiku injini hukimbia ikiwa ya baridi, maji na petroli hubaki ndani ya oili. Na kwa baadhi ya injini, maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi. Kama imeharibika, iwekwe nyingine.

Basi, tupange utaratibu. Daladala la dizeli, linalofanya kazi saa 14 kwa siku, litatimiza saa 250 katika siku 18 hivi. Hapo oili imwagwe na filta ibadilishwe. Msije mkaniambia tutabadili filta mara ijayo. Oili mpya kupita katika filta chafu ni sawa na kuoga na kuvaa nguo ileile ya jana. Teksi na gari la mtu binafsi la petroli linaloishi katikati ya mji, nusu ya kile kitabu kilichosema: kama ni elfu kumi, iwe elfu tano, kama ni elfu tano, iwe elfu mbili na mia tano. Na kama kilomita hizo hazijafika lakini miezi sita imepita, ibadilishwe tu. Asiye na saa kwenye dashibodi anunue daftari la shule, aandike kila siku saa aliyowasha na saa aliyozima.

Najua mazungumzo yatakavyokuwa. Dereva atasema, "Mzee, gari inataka kumwaga oili." Tajiri atajibu, "Kijana, si juzi tu tumemwaga? Ongezea lita moja." Hapo ndipo tunapopotea. Kuongeza si kubadili. Anayeongeza lita moja mpya juu ya lita nyingi zilizochoka hakuifufua oili. Ameichafua ile mpya. Dereva naye, kama ni deiwaka na gari si lake, hana sababu ya kubishana: hesabu ya jioni inamsubiri, na akisimamisha gari saa mbili kwa fundi, ni yeye atakayepungukiwa. Hivyo kila mmoja anamwachia mwenzake, na injini inanoki siku ambayo hakuna aliyeitarajia. Siku hiyo tajiri atanunua injini nzima, na dereva atakaa kijiweni mwezi mzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi ningewashauri matajiri wafanye jambo moja: siku ya kumwaga oili, mpunguzie dereva hesabu. Kiasi utakachosamehe ni kidogo sana mbele ya bei ya injini.

Wengine huniuliza, je, rangi haitoshi kutuambia? Haitoshi. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa, na huo si ugonjwa. Ni dalili kwamba inaosha. Lakini ukichomoa kijiti ukakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe gari. Ikinuka petroli au dizeli, imechanganyika na mafuta. Na ukidondosha tone moja kwenye karatasi laini nyeupe, ukaliacha mpaka kesho, oili yenye uhai itatawanyika polepole kama kivuli. Iliyokufa itabaki doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, masizi yameshindwa kubebwa.

Kuhusu kununua, soma chombo. Namba kama 15W-40 au 20W-50 hueleza uzito wake. Herufi zinazofuata zile za API hueleza ubora wake. Kwa injini za petroli herufi ya kwanza ni S, na ya pili inavyozidi kwenda mbele katika alfabeti ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi. Oili yenye SF ni ya injini zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1989. Bado inauzwa, na ni rahisi, lakini mtu mwenye gari la mwaka 2008 akiiweka, atakuwa amelivisha gari lake kiatu cha babu yake. Dizeli herufi yake ya kwanza ni C. Angalia pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS, angalia kama kizibo hakijaguswa, dai risiti. Na chombo kikiisha, kitoboe kabla ya kukitupa, kisije kikajazwa oili chafu iliyochujwa na kurudi dukani. Oili chafu nayo usiimwage mtaroni. Mitaro ya Kariakoo haiishii Kariakoo; maji yake huenda bondeni Msimbazi na kuingia baharini, ambako kuna watu wanaokula samaki, nasi tukiwemo.

Giaboksi pia ina oili yake, ingawa watu wengi huikumbuka siku gia zinapolia. Ya kawaida, pamoja na ile ya difu, ibadilishwe kwenye kilomita elfu arobaini, na kwa gari la mizigo au daladala mapema zaidi. Ya otomatiki hutumia ile tunayoiita haidroliki, nayo inachukia foleni kuliko oili zote, maana gari likisimama kwenye gia mguu ukiwa kwenye breki, inasukwasukwa na kupata moto bila upepo. Ikinuka kama kitu kilichoungua, imekwisha. Maji ya rejeta nayo si maji ya bomba, na hasa si maji ya kisima, ambayo katika sehemu nyingi za mji huu yana chumvi. Kulanti si kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Huzuia kutu, na huyafanya maji yachelewe kuchemka. Ile ya kawaida ibadilishwe kila miaka miwili au kilomita elfu arobaini, chochote kitakachotangulia.

Nimeiacha oili ya breki mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo iliyosahauliwa kuliko zote, na ndiyo inayoua. Injini ikinoki, gari linasimama na watu wanashuka wakitukana. Breki zikikataa, gari halisimami.

Oili ya breki tunayoitumia zaidi, yaani DOT 3 na DOT 4, ina tabia moja ya kipekee: hunywa maji kutoka hewani. Hata ukiifunga vizuri, unyevu hupenya kidogo kidogo katika mipira na kizibo. Na Dar es Salaam ni mji wa pwani, hewa yetu imejaa unyevu mwaka mzima. Kwa kipimo cha kimataifa, DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 205. Ikishanywa maji kiasi cha asilimia nne hivi, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230, nayo hushuka hadi 155.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu breki za gari la namna hii hufanya kazi kwa kusukuma kimiminika, na kimiminika hakibonyei. Ukikanyaga pedeli, nguvu ya mguu inafika kwenye gurudumu. Lakini oili ikichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea kama mpira wa kuchezea. Dereva anakanyaga, pedeli inakwenda mpaka chini, na gurudumu halina habari. Halafu kuna ubaya mwingine juu ya ubaya huo: breki zikipoa, mvuke hurudi kuwa maji, na pedeli inasimama tena. Fundi akija kuligusa gari saa mbili baadaye, anakuta breki ni nzima. Basi lawama zote zinamwangukia dereva, kwamba alikuwa mwendo kasi au alisinzia, na aliye marehemu hawezi kujitetea.

Mtasema Dar es Salaam ni tambarare, breki zitapata wapi joto hilo? Kweli, mara nyingi hapa mjini hazilipati. Hiyo ndiyo hatari yenyewe: ugonjwa unakaa kimya mwaka mzima. Lakini sote twajua desturi yetu. Ukitokea msiba, ndugu wanachangishana, wanakodi Coaster ileile ya mjini, na usiku huo huo watu thelathini wanasafiri na marehemu kwenda Iringa, Mbeya au Njombe. Daladala ambalo halijawahi kuona mlima linakutana na mteremko kama ule wa Iwambi kule Mbeya, limejaza, dereva ana haraka ya kuwahi maziko. Anakanyaga breki kilomita baada ya kilomita. Oili iliyokunywa maji ya Kariakoo miaka mitano sasa inapata moto kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nasema: gari la abiria libadilishwe oili ya breki yote kila mwaka, si kuongezwa, kubadilishwa, na upepo utolewe magurudumu yote manne. Gari la nyumbani, isizidi miaka miwili, hata kama limekaa tu uani. Likiwa linakwenda safari ya milimani na hujui mara ya mwisho ilikuwa lini, libadilishwe kabla ya kuondoka. Chupa iliyofunguliwa na kubaki nusu isihifadhiwe. Imekwisha kuanza kunywa. Nimesikia pia habari za watu wanaoongezea maji ya sabuni au haidroliki ya giaboksi ili gari lifike nyumbani. Maji mmekwisha kuyasikia kazi yake. Haidroliki nayo huvimbisha mipira ya breki mpaka inaharibika, na hapo itabidi kufumua mfumo mzima. Na dereva aliye mlimani ashuke kwa gia nzito, aiachie injini imsaidie kuzuia gari. Breki ziwekwe akiba.

Wasikilizaji wapenzi, sikuyasema haya ili kila mmoja wetu awe fundi. Wengi wetu hatuna gari. Lakini tuna ndugu, na ndugu hufa, na tutakwenda kuwazika. Siku mtakapokaa kwenye kamati ya msiba na mwenye Coaster akaja kupatana bei, baada ya kuulizana habari ya nauli na mafuta, mzee mmoja amwulize kwa upole: "Bwana, oili ya breki ya gari hili ilibadilishwa lini?" Akijibu tarehe, mpeni kazi. Akiuliza kwa nini mnataka kujua, mshukuruni kwa kufika, mkatafute gari jingine.